Hombolo kwa baiskeli, siku moja kwenye mizabibu ya Dodoma

Kuna watu wanaishi Dodoma miaka sita saba na hawajawahi kukanyaga shamba la zabibu, wanazijua zile za kwenye ndoo stendi, basi. Ukiwa na baiskeli na siku moja ya wikiendi hiyo aibu unaimaliza. Ruti ni mjini, Ihumwa, Hombolo, af unarudi, kwenda na kurudi kama kilomita 80, kwa mtu anayeendesha mara moja moja ni siku nzima ila haiui.

Kule unapoenda ni bonde la Kinyasungwe Ndogo. Mto unashuka kutoka upande wa Makutupora unaingia bwawa la Hombolo lililojengwa 1957, na maji yake safari yake inaishia baharini kwa njia ya mto Wami. Ila usije na picha ya mto kichwani, mwezi wa nane ni mchanga mtupu, ng'ombe wanapita katikati na watu wanachimba visima humo humo kwenye mchanga.

Mwezi wa nane ndio nakushauri. Asubuhi kuna kabaridi, makorongo yamekauka, na zabibu ziko kwenye mavuno. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu huku hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima akipogoa ndio ameuamsha, miezi kama minne mbele anavuna. Kuna mavuno mengine ya mwanzoni mwa mwaka lakini hayo yanaangukia mvua na udongo wa mbuga, ule mweusi wa kunata, ukilowa huendeshi, unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unaishia kubeba baiskeli iliyotakiwa ikubebe wewe.

Sasa kitu ambacho wageni wote wanakosea ni UPEPO. Kiangazi Dodoma inapigwa na upepo wa kutoka mashariki, na unaamka jinsi jua linavyopanda. Hombolo iko kaskazini mashariki ya mji. Maana yake kwenda unakula upepo wa uso, kurudi unasukumwa. Ukitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi upepo bado umelala, unamaliza sehemu ngumu kabla haujaamka, mchana ukivuma unavuma mgongoni kwako. Ukitoka saa tatu kwa sababu ulikuwa unasubiri supu, utajuta peke yako, na usinitafute.

Baiskeli: gravel (ile ya mbio yenye tairi pana za vumbi) ukiwa nayo safi, huna, chukua MTB (ya milimani) ya mtumba yenye gia zinazoshika na breki nzima, inatosha kabisa. Wazee wa Hombolo wanapiga ruti hiyo hiyo na Phoenix na gunia la mahindi nyuma, kwa hiyo tusijifanye. Cha muhimu ni tairi, kuanzia milimita 40 kwenda juu, na usijaze upepo mpaka iwe jiwe, mimi nina kilo 72 naweka psi 35 hivi. Barabara ya vumbi ina mawimbi kama bati, tairi ngumu itakung'oa meno.

Na miiba. Dodoma ni nchi ya migunga na mbigili, ile mbegu ndogo yenye pembe inayolala njiani kama imetegwa. Kama unatumia tyubu beba mbili za akiba, viraka, solusheni na pampu, na kila ukitoka kwenye njia ya shamba simama upapase tairi (taratibu!) ung'oe iliyoingia kabla haijazama. Nimewahi kupata pancha nne siku moja, ya nne nilizibiwa na kijana wa bodaboda akakataa hela yangu akataka zabibu.

Maji lita tatu minimum, ujaze tena Ihumwa na Hombolo. Mimi natia unga wa ubuyu na chumvi kidogo kwenye chupa, rahisi kuliko hivyo vinywaji vya rangi rangi. Beba cash ndogo ndogo pia.

Njia yenyewe haina siri. Toka mjini kwa barabara ya Morogoro, malori ni mengi, kaa pembeni, taa ya nyuma iwake hata kama kumekucha. Ihumwa unakata kushoto kuelekea Hombolo, hapo unaanza kupumua, majabali, mibuyu, mbuzi, watoto wanakukimbiza. Dodoma inajengwa kila siku na lami inazidi kula vumbi, kwa hiyo ukiona lami usiogope kwamba umepotea, uliza tu njia za mashambani. Na kabla ya kuuliza salimia, kwa wakubwa shikamoo, au jaribu Kigogo, "mbukwenyi" ukikuta wengi, watacheka lakini utaelekezwa mpaka mlangoni.

Mizabibu utaijua, nguzo na nyaya mistari mirefu, kijani kwenye nchi yote ya kahawia. Nyingi za nyekundu ni Makutupora Red, nyeupe ni Chenin Blanc. Usichume. Mwite mwenye shamba, nunua kilo yako, na UZIOSHE, kwa sababu mizabibu inapigwa dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu) na ile dawa hujui imepigwa jana au lini.

Hombolo kula kabla hujaenda bwawani. Upande wa chuo cha serikali za mitaa mama ntilie wapo, ukikuta ugali wa uwele na mlenda usiruke, unakaa tumboni mpaka mjini. Bwawani piga picha, nunua perege kama unaweza kuwabeba, kuogelea hapana, kichocho si hadithi.

Halafu mvinyo. Wakulima wengi wanakamua na kuuza mchuzi wa zabibu, ule ambao bado haujaenda kiwandani, na bei inashawishi. Sheria yangu ni kwamba mvinyo unarudi kwenye begi, kichwani unaingia ukishafika nyumbani, jua la saa nane na glasi mbili na kilomita 40 za kurudi havikai pamoja. Na mchuzi mbichi bado unachemka wenyewe, yaani unachacha na kutoa gesi, usiufunge kifuniko kikakaza. Mimi nilikaza, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, nikaitumbukiza begini na nguo ya kubadilisha, kilomita kumi za barabara ya bati zikaitikisa, karibu na Ihumwa nikasikia PAA nikajua tairi. Nikashuka nakagua tairi, nzima, nageuka naona watu wa kijiweni wananiangalia macho yametoka, mgongo mzima ni mwekundu mpaka kwenye soksi, mama mmoja ameshaanza kuniita nikae chini asiniguse mtu mpaka daktari aje.