Kiharusi: mambo ya kufanya kabla hamjafika kwetu

Napokea wagonjwa wa dharura hapa Dar es Salaam. Swali langu la kwanza huwakera ndugu: "Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?" Wananitajia saa waliyomkuta. Mimi nataka nyingine. Bibi akiingia kulala saa 3 usiku akiwa mzima, akaamka saa 12 asubuhi mdomo umeenda upande, sisi tunahesabu tangu saa 3. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu, tena baada ya CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja kichwani. Basi chukua biro, andika ile saa mkononi mwake.

Kumtambua mwenye kiharusi si kazi. Aonyeshe meno, uone kama uso umelegea upande mmoja. Anyanyue mikono yote miwili, macho kafumba; mmoja ukishuka, tatizo. Aseme "leo ni Jumanne, tuko Temeke", usikie kama ulimi mzito. Dalili moja yatosha. Hata ikipotea baada ya dakika kumi, njooni.

Mmoja akitafuta gari, mwingine apige simu hospitali: "CT scan yenu inafanya kazi sasa hivi?" Kama haifanyi, pigeni kwingine kabla ya kuwasha gari.

Usimpe chai, maji wala uji. Koo likilegea, vinaingia kwenye mapafu. Aspirini pia hapana: kama kiharusi chake ni cha mshipa uliopasuka kichwani, unaongeza kuvuja. Vidonge vya presha msimwongezee. Na ile meseji ya WhatsApp ya kumchoma vidole kwa sindano atoke damu, ifuteni. Inawapotezea muda na kumwumiza mzee wa watu. Kama ana kisukari na kipimo kipo nyumbani, pimeni: sukari ikishuka sana hufanana kabisa na kiharusi.

Bodaboda ya mshikaki, jamani, hapana. Mguu uliopooza unaning'inia, unagusa ekzosi, na yeye hasikii moto. Gari au bajaji, alazwe ubavu, mtu amshike kichwa.

Aje yule aliyekuwa naye, pamoja na dawa zake zote kwenye paketi zake, hasa za kuzuia damu kuganda. Ukiniambia "anakunywa vidonge vyeupe" hujanisaidia. Karibu vyote ni vyeupe.