Jinsi ya Kujiandaa kwa Tiba ya Neva za Pua kwa Mwenye Mafua Sugu

Mtu ambaye kwa zaidi ya wiki 12 leso haimtoki mkononi, na akilala kamasi humshukia kooni hadi akakohoa, huhesabiwa kuwa na mafua sugu. Ipo tiba ndogo isiyohitaji kisu, inayolenga neva za nyuma ya pua, ambazo ndizo huamrisha tezi za puani kutoa kamasi. Zamani daktari alikata neva kubwa iliyozizaa hizo, na wagonjwa wengine walibaki na macho makavu. Siku hizi matawi yake madogo tu ndiyo hudhoofishwa, ama kwa baridi kali ama kwa joto la mawimbi ya redio.

Kabla ya kuikubali, hakikisha umetumia dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ya kupuliza puani kila siku kwa walau mwezi mmoja, ncha yake ikielekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati. Tiba hii hufaa hasa kwa kamasi nyepesi zinazotiririka, lakini pua iliyozibwa na ukuta uliopinda au vinyama ina tiba nyingine. Jambo moja nakusihi usilipuuze: maji maangavu yanayodondoka kutoka tundu moja tu, hasa unapoinama au baada ya kuumia kichwa, huenda ni maji ya ubongo yanayovuja, nayo lazima yapimwe kwanza.

Mweleze daktari ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, na pia ikiwa baridi hukutoa vipele mwilini, kwa kuwa hapo njia ya baridi haikufai.

Siku ya tiba, pamba iliyoloweshwa dawa ya ganzi huwekwa puani, kisha daktari huingiza kamera nyembamba na kukigusisha kifaa kwenye ukuta wa pembeni, nyuma kabisa. Kifaa cha baridi hushikiliwa hapo kwa takriban nusu dakika hadi dakika moja. Utakuwa macho, na unaweza kuhisi maumivu ya ghafla ya paji la uso au ya meno ya juu, mfano wa mtu aliyemeza barafu kwa pupa. Kwa kawaida hayakawii kupungua.

Baadaye pua huziba kwa muda na kufanya magamba, kwa hiyo isafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na usipenge kwa nguvu. Damu ikitoka, keti, inama mbele kidogo na ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 15. Isipokoma, nenda hospitali mara moja, hata kama zimepita wiki kadhaa.

Nafuu huja polepole, mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 6. Kwa hiyo anza wiki moja kabla ya tiba kuandika kila jioni umepenga mara ngapi na umeamka usiku mara ngapi, kisha lipeleke daftari hilo kwa daktari siku ya kurudi kliniki.