Kuchagua gari la viti saba kutoka Japani: gredi ya juu isije ikakuibia kiti

Mwongozo huu ni wa anayeagiza SUV ya ukubwa wa kati yenye safu tatu za viti, iliyotumika Japani, ishuke bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Hasara kubwa katika manunuzi haya mara nyingi haitokani na injini mbovu. Mtu huchagua jina la gari kwanza, halafu rangi, na siku ya kulipokea bandarini anafungua mlango wa nyuma akakuta sakafu tupu. Kalipia viti vitano.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa, kisha pima safu ya tatu kwa mwili

Andika wanaopanda gari kila wiki, na wanaopanda mara mbili kwa mwaka kwenda kijijini. Kama safu ya tatu itakaliwa kila asubuhi ya shule, unahitaji gari refu kama Mazda CX-8 (mita 4.9) au Toyota Land Cruiser Prado. Kama ni Krismasi na Idi tu, Nissan X-Trail, Mitsubishi Outlander au Honda CR-V ya viti saba inatosha, na utaokoa fedha nyingi.

Usipime kwa picha. Tafuta gari la aina hiyo kwa jirani au yadi, omba dakika kumi, ufuate mpangilio huu. Dereva arudishe kiti chake pale anapokaa siku zote. Safu ya kati isogezwe mpaka magoti ya aliyekaa hapo yabakize nafasi ya vidole vinne. Ndipo mtu mzima aingie nyuma. Tazama mapaja yake: yakining'inia bila kugusa kiti na magoti yakapanda juu ya kiuno, huyo hatafika Morogoro bila kulalamika. Tazama pia umbali kati ya kisogo chake na kioo cha mlango wa nyuma.

Halafu simamisha safu ya tatu na ujaribu kuingiza begi kubwa la safari kwenye buti. Kwa X-Trail na Outlander, kinachobaki ni nafasi ya mifuko ya sokoni. Mabegi ya watu saba yatapanda kwenye keria, basi keria iingie kwenye bajeti leo.

Jambo la mwisho hapa ni hewa. Gari likiwa limeanikwa juani, washa AC kwa nguvu zote, subiri dakika kumi, kisha kaa nyuma kabisa. Angalia kama kuna matundu ya hewa darini au ubavuni mwa safu ya tatu. Yasipokuwepo, mtoto mchanga asikae huko kwenye joto la Pwani.

Hatua ya 2: Jua majina yanayofanana na viti visivyofanana

Tuseme umeamua kuchukua X-Trail aina ya T32, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2013. Ile ya petroli, cc 1997, iliuzwa kwa safu mbili na kwa safu tatu. Ile ya haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) iliuzwa Japani kwa safu mbili pekee. Outlander ya kizazi kilichoanza 2012 iko hivyohivyo: ya petroli ina viti saba, ile ya kuchaji kwa waya ina vitano. CR-V iliyoingia sokoni Japani 2018 ni ya viti vitano au saba ikiwa na injini ya lita 1.5 ya turbo, na ni vitano tu ikiwa haibridi. Betri na vifaa vya umeme hula nafasi ya miguu ya safu ya tatu. Harrier, inayopendwa mno mitaani kwetu, ni ya viti vitano.

Namba ya chesisi inasema mapema. NT32 ni X-Trail ya petroli inayovuta magurudumu manne. HNT32 ni haibridi. GF8W ni Outlander ya lita 2.4, GG2W ni ile ya kuchaji. RT5 ni CR-V ya haibridi. Ila namba hii haimalizi kazi, kwa sababu NT32 yenyewe ipo ya vitano na ipo ya saba. Prado ya gredi ya TX nayo ipo ya vitano na ya saba (gredi ni kiwango cha vifaa ambacho gari lilitoka nacho kiwandani).

Hatua ya 3: Thibitisha viti kwa hesabu ya kilo 55

Hatua hii usiiruke. Mwombe muuzaji picha ya cheti cha usajili wa Japani au cheti cha kusafirisha nje, kabla ya kutuma hata senti. Tafuta alama 乗車定員, yaani idadi ya watu. Mbele yake pawe na 7. Kama picha imefifia, tafuta namba mbili: uzito wa gari tupu (車両重量) na uzito wa jumla (車両総重量). Japani huhesabu kila abiria kilo 55. Toa ndogo kwenye kubwa: tofauti ikiwa 385, ni viti saba. Ikiwa 330, ni sita. Ikiwa 275, ni vitano, hata tangazo liseme nini.

Hesabu hiyohiyo inafundisha jingine. Kilo 55 kwa mtu, mizigo haimo. Watu saba wa kilo 70 ni kilo 490, bado gunia la mchele na ndizi za kurudi nazo. Ukisafiri hivyo, jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva (cha gari lililojaa, kama kipo), na vitu vizito viwe chini, si kwenye keria.

Hatua ya 4: Injini, mafuta na kodi

Kwa Tanzania, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa cc 1001 hadi 2000, na asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. VAT ya asilimia 18 hukaa juu ya vyote.

Chukua magari mawili ya dola 10,000 kila moja. X-Trail ya cc 1997 isiyofika miaka 8: 12,500 baada ya forodha, 13,125 baada ya ushuru wa bidhaa, 15,487 baada ya VAT. Outlander ya lita 2.4 iliyozidi miaka 10: 12,500, kisha 17,500, kisha 20,650. Tofauti inapita dola 5,000, bado tozo ndogondogo na usajili. Na kumbuka TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, si bei uliyopatana, kwa hiyo pitisha gari kwenye kikokotoo chao mtandaoni kabla ya kulipa. Kwa Kenya, gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii kabisa.

Dizeli ya kisasa inataka safari ndefu. CX-8 ya lita 2.2 na Prado ya lita 2.8 zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likitembea kwa mwendo wa kutosha. Ukikata safari hiyo kila mara kwenye foleni, chujio huziba, na dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili. Utaona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka. Prado hiyo ya Japani pia inataka AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli. Ikiisha na ukazima injini, haiwaki tena. Kama maisha yako ni foleni za Mbezi na Kariakoo, Dar es Salaam, chukua petroli. Prado ya petroli ya lita 2.7 (TRJ150W) ni nzito kupanda mlima ikiwa imejaa, lakini mafundi wanaijua.

Hatua ya 5: Chagua gredi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa imani kwamba gredi ya juu ina kila kilichomo kwenye ya chini na zaidi. Sivyo.

CX-8 ya gredi ya L Package, ya ngozi, mara nyingi ina viti viwili vya pekee safu ya kati vilivyotenganishwa na kisanduku. Ni starehe, lakini gari limekuwa la watu sita. Inavaa tairi 225/55R19, ilhali gredi ya chini inavaa 225/65R17. Piga hesabu: asilimia 55 ya milimita 225 ni 124, asilimia 65 ni 146. Umepoteza milimita 22 za mpira kati ya ringi na shimo. Kwenye barabara ya vumbi, ringi ya 19 hupinda pale ambapo ya 17 ingepita, na tairi lake ni ghali zaidi na halipatikani kila mji.

Prado ya gredi ya TZ-G hukunja safu ya tatu kwa mota za umeme, na nyuma ina mifuko ya upepo badala ya springi za chuma. Mpira wa mifuko hiyo huchakaa kwa umri. Gari likilala usiku kucha na kuamka limeinama nyuma, upepo unavuja. TX ya viti saba ina springi za kawaida na safu ya tatu ya kukunja kwa mkono. Kwa familia ya kawaida ndiyo ya kuchukua.

Usiongeze bei kwa ajili ya redio na ramani za kiwandani. Ramani ni ya Japani, FM yake huanzia 76 na kuishia 90 au 95, na baadhi ya redio za Toyota hujifunga na kudai namba ya siri betri ikitolewa. Ongeza bei kwa mifuko ya hewa ya pembeni (airbag) inayofika safu ya tatu, kamera ya nyuma, na viti visivyonyonya maji kama vya X-Trail nyingi za gredi ya 20X. Breki ya kujifunga yenyewe ni nzuri, ila mara nyingi kamera yake iko kwenye kioo cha mbele: kioo kikipasuka kwa kokoto, kipya lazima kipangiwe kamera upya.

Hatua ya 6: Karatasi ya mnada

Hii ni ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani; mwombe muuzaji akupe. Chukua gari lenye alama 4, au 3.5 iliyoeleweka. R au RA maana yake gari lilirekebishwa baada ya ajali, liache. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu, na S chini ya gari ni mbaya kuliko A kumi mlangoni.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini na chujio. Kwa CVT, yaani gia ya otomatiki inayotumia mkanda wa ndani, tumia oili yake halisi: NS-3 kwa X-Trail T32, J4 kwa Outlander. Oili ya gia ya kawaida huharibu mkanda huo. Nyanyua sakafu ya buti uone kama kuna tairi la akiba au kopo la kuzibia pancha tu. Kama ni kopo, nunua tairi, jeki na spana ya magurudumu kabla ya safari ya kwanza. Kisha kaa safu ya tatu, vuta kila mkanda mpaka mwisho, ufunge na kufungua mara tatu. Mikanda hiyo huenda haijaguswa tangu gari litoke kiwandani.