Kabla hujaamini majibu ya damu ya moyo

Mama yangu alianza kulala kwa mito mitatu mwezi wa Juni, baridi ya Tukuyu ilipokaza, kwa hiyo nyumba nzima tukasema ni kifua. Miguu ilipovimba tukasema ni uzee. Mimi ni mtu wa maabara, natoa damu za watu hapa Mbeya mwaka wa 19 sasa, na hata mimi nilisema ni kifua. Kama una mzazi wa namna hiyo nyumbani, haya ni yako.

Anza kwa kujua unahitaji kipimo gani, maana ziko protini mbili ambazo watu huzichanganya. Troponini hukaa ndani ya misuli ya moyo; ikijaa kwenye damu, misuli hiyo imeumia. BNP hutolewa na moyo wenyewe pale kuta zake zinapotanuka kwa kuelemewa. Anayebanwa kifua huku kijasho chembamba kinamtoka anahitaji troponini, na awahishwe hospitali saa hiyo hiyo. Mama, aliyekuwa akisimama mara tatu kupumua kutoka kwenye migomba hadi mlangoni, alihitaji BNP. (Herufi B ni ya "brain", yaani ubongo kwa Kiingereza. Wajapani waliigundua mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, jina likabaki. Mama aliniuliza kwa hofu kama kichwa chake nacho kina shida.)

Sasa hapa ndipo tulipoumia. Moyo hutoa protini moja ndefu inayokatika vipande viwili: BNP, na kingine kiitwacho NT-proBNP. BNP huharibika upesi ndani ya chupa, na namba hushuka. Damu ya mama ilitolewa asubuhi kwenye zahanati moja huko wilayani, ikasafirishwa ndani ya mkoba hadi maabara ya mjini, ikapimwa jioni. Jibu likaja 61. Chini ya 100 daktari huwa anaondoa wazo la moyo kushindwa kwa ghafla, yaani kushindwa kusukuma damu ya kutosha, basi tukashangilia. Hakuna aliyeuliza damu ile ilikaa saa ngapi garini, na mimi niliyepaswa kuuliza nilikuwa naangalia namba tu. Wiki mbili baadaye mama alikuwa halali tena kitandani, anakesha kitini. Nikamleta Mbeya, nikamtoa damu kwa mkono wangu, tukapima NT-proBNP: 4,180. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha moyo umetanuka na unasukuma kwa shida.

Kwa hiyo ukiwa mbali, Makete, Chunya, Ileje, mwombe daktari NT-proBNP. Yenyewe huvumilia safari. Kama kuna BNP tu, msafirishe mgonjwa aende kwenye mashine, usisafirishe damu. Na iwekwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha zambarau, siyo ya kioo, ipimwe ndani ya muda wa saa 4.

Siku ya kupima, mgonjwa ale kama kawaida. Huku kwetu asubuhi mishipa hujificha kwa baridi. Mpe kikombe cha chai ya moto akishike kwa mikono miwili kabla ya sindano. Damu iliyovutwa kwa kulazimisha hupasuka chembe zake, na majibu huweza kupotoka, hivyo mhudumu akiomba kurudia, kubalini. Mtajieni dawa zote, pamoja na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, kwa sababu biotini nyingi huzidanganya baadhi ya mashine.

Karatasi ikitoka, macho yaende kwanza kwenye kizio, kile kiandiko kidogo kando ya namba. Baba mmoja kutoka Iringa aliniletea karatasi mbili za troponini, moja 0.03, nyingine 28, na wanawe walikuwa wanalia. Ya kwanza ilikuwa nanogramu kwa mililita, ya pili nanogramu kwa lita. Zidisha 0.03 kwa 1,000 unapata 30. Hapakuwa na kilichopanda. Hata hivyo usilinganishe mashine mbili tofauti. Rudia palepale ulipopimia mwanzo.

Troponini huchukua saa kadhaa kupanda baada ya moyo kuumia. Jibu zuri la mapema halitoshi: andika saa maumivu yalipoanza, mwonyeshe daktari, na msiondoke mpaka kipimo cha pili, ambacho kwa mashine nyingi ni baada ya saa 3 hadi 6. Mwenye ugonjwa sugu wa figo anaweza kuwa nayo juu siku zote. Kinachotafutwa ni kupanda au kushuka.

Kwa NT-proBNP, aliyebanwa pumzi ghafla akiwa chini ya 300, uwezekano wa moyo kushindwa ni mdogo sana. Juu ya hapo umri unahesabiwa, na moyo kushindwa hushukiwa sana namba ikizidi: 450 kwa aliye chini ya miaka 50, 900 kuanzia 50 hadi 75, na 1,800 kwa aliyezidi 75. Mama ana 71. Figo mbovu na mapigo yasiyo na mpangilio huipandisha. Unene huishusha, na hili watu hawaambiwi: mtu mnene anaweza kuwa na namba ya kupendeza huku moyo wake unazidiwa. Miguu na pumzi vikisema jambo jingine, mng'ang'anie daktari aagize eko.

Baada ya miezi 3 ya dawa tulirudia kwenye mashine ileile: 1,350. Karatasi zote ziko kwenye faili moja la bluu. Mizani iko chini ya kitanda chake. Kila asubuhi kabla ya chai anapanda, mjukuu anaandika kilo kwenye daftari, na zikiongezeka 2 ndani ya siku tatu ananipigia simu kabla sijatoka kwenda kazini.