Umeteuliwa kwenye kamati ya mwanafunzi wa uzamivu? Anzia hapa

Mhadhiri mwenzangu, barua ya uteuzi ikishafika usiipeleke moja kwa moja kwenye faili. Sura za tasnifu zina msimamizi wa kuzisahihisha. Wewe umeitwa uangalie kama safari inasonga.

Hatua ya 1. Wiki mbili kabla ya kikao, mwombe mwanafunzi kurasa tano tu: aliahidi nini mara iliyopita, amefanya nini, amekwama wapi. Akikuletea sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, kwa mara ya tatu, shtuka. Anayeiboresha sura hiyo kila mwaka mara nyingi anaikimbia kazi ya uwandani.

Hatua ya 2. Dai namba. "Ukusanyaji wa data unaendelea vizuri," alituambia mwanafunzi mmoja mwaka juzi. Nikamwomba afungue daftari lake: kaya 37 kati ya 240, na dodoso la mwisho lilijazwa miezi minne nyuma. Kumbe mvua zilikata barabara ya kwenda vijiji viwili, na pesa ya mafuta ilishakwisha. Tukakaa naye, tukapanga upya sampuli, akaomba marekebisho ya kibali cha utafiti ndipo akarudi uwandani. Tarehe ya kibali nayo iulize, kiwe cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) kwa walio Kenya au cha chuo chenyewe, maana huisha kimyakimya.

Hatua ya 3. Msikilize mwanafunzi akiwa peke yake. Wafaransa wameliweka hili kwenye kanuni. Kwa marekebisho ya 2022, kamati ya ufuatiliaji hukutana kabla mwanafunzi hajajiandikisha mwaka wa pili, kisha kila mwaka. Kazi ikishawasilishwa na kujadiliwa, mwanafunzi husikilizwa msimamizi akiwa nje, halafu msimamizi naye husikilizwa mwanafunzi akiwa nje. Wanakamati hawashiriki kuisimamia tasnifu hiyo.

Kwetu, kumwambia profesa "tupishe kidogo" si kazi ndogo, hasa kama naye ndiye aliyekufundisha. Mimi huandika dakika kumi za mwanafunzi peke yake kwenye ajenda mapema, kwa kila mwanafunzi, asionekane yeyote ametuhumiwa. Kisha nauliza mawili. Lini ulirudishiwa sura yenye maoni? Na je, kuna kazi za msimamizi unazofanya zisizohusu utafiti wako? Ukishauliza la pili, nyamaza. Kwanza atatazama mlango.

Hatua ya 4. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo. "Aendelee kuboresha" halina maana yoyote. Andika hivi: "Dodoso, toleo la mwisho: mwanafunzi, 14 Machi. Maoni: msimamizi, 28 Machi." Hiyo tarehe ya pili ndiyo husahaulika kuliko zote, na ndiyo huchelewesha watu miaka. Wote wasaini, msimamizi akiwemo, nakala iende idarani. Kikao kijacho kifunguliwe kwa karatasi hiyo, kabla ya projekta kuwashwa.