Umetafuna kipande cha chupa kwenye chakula cha hotelini? Fanya hivi

Ukisikia kitu kimelia krach mdomoni, acha kutafuna hapo hapo, usimeze hata mate, tema kila kitu kwenye tishu alafu sukutua na maji uteme. Waambie na wenzako mezani waache kula, maana kama ni chupa imepasukia jikoni basi vipande vinaweza kuwa kwenye sahani zaidi ya moja.

Hicho kitu usikitupe. Kipige picha kikiwa kwenye chakula, weka sarafu pembeni ukubwa uonekane, kifunge, ukitunze na risiti. Meneja akitaka kukichukua mwonyeshe tu, abaki nacho nani? Wewe, mpaka ukiripoti kwa mamlaka ya usalama wa chakula.

Sasa kama umeshameza, tafadhali usijitapishe, kinaweza kukuchana tena kikirudi juu, na mambo ya kumeza tonge la ugali au ndizi kukisukuma achana nayo. Kifua kikiuma, ukishindwa kumeza, ukitapika damu au choo kikawa cheusi, hospitali haraka. Na kama ulichomeza ni betri ya saa, ile ndogo ya duara kama kitufe, usisubiri dalili kabisa, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya masaa 2 tu.