Kupima hatari ya mafuriko na mawe Mwanza: somo la utafiti wa nje kwa vikundi

Kila mwaka nasahihisha ripoti zenye sentensi ileile: "Maji yalikuwa mengi na nyumba nyingi ziliathirika." Mengi kiasi gani? Nyumba ngapi? Nimeandika somo hili ili kikundi chako kirudi na namba. Mfano wangu ni Mabatini, kuanzia kingo za mto Mirongo kupanda mlimani, kwa kuwa kwa mwendo mfupi tu wa miguu unakutana na hatari mbili: maji chini, mawe juu.

Hatua ya 1: Gawa daftari safu tatu. Ya kwanza ni tishio lenyewe: mvua, maji, jiwe. Ya pili ni watu na mali vilivyokaa njiani mwake. Ya tatu ni nani ataumia zaidi na kwa nini. Bibi asiyeweza kupanda ngazi usiku na mjukuu wake wa miaka 17 wanalala nyumba moja, lakini hatari yao si sawa. Safu hii ya tatu ndiyo wanafunzi huiacha tupu.

Hatua ya 2: Ruhusa na usalama. Barua ya utambulisho ya shule imfikie mtendaji wa mtaa siku kadhaa kabla, na mwombeni mwenyekiti awape mwenyeji wa kuwatembeza. Nendeni kiangazi, Juni hadi Agosti. Wingu likitanda, tokeni mtoni mara moja hata kama mlipo hakujanyesha.

Hatua ya 3: Mstari wa kupanda. Anzieni ukingoni mwa mto, pandeni moja kwa moja hadi kwenye mawe, mkisimama kila nyumba ya tano. Mkihoji tu waliokaa nje, mtapata habari za wenye nafasi ya kukaa nje.

Hatua ya 4: Alama ya maji ukutani. Hapa msikimbie. Salimieni, na kama ni asubuhi "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, inafungua mlango haraka kuliko hojaji. Kisha ombeni mwenyeji aguse ukuta pale maji yalipoishia. Mara nyingi utaona kwa macho mstari wa rangi ya chai, na chini yake plasta imevimba na chokaa inabanduka ukiipapasa. Pimeni kwa futi kamba.

Sasa sikilizeni kosa ambalo nimeliona kwa macho yangu. Kikundi kimoja kilipima sentimita 40 nyumba ya kwanza na 90 nyumba ya jirani, siku ileile ya mafuriko. Wakaandika kwamba mama wa nyumba ya pili ametia chumvi. Mama hakutia chumvi. Nyumba ya kwanza msingi wake umeinuliwa, na mlangoni kuna tuta la saruji la kuzuia maji. Ya pili sakafu iko sawa na njia. Nyumba zote mbili walipima kutoka sakafuni. Kwa hiyo chagueni sehemu moja isiyosogea, kama ukingo wa daraja, na mhamishe usawa wake hadi kila nyumba kwa mpira wa maji, ule bomba mwangavu wanaotumia mafundi ujenzi, ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja. Tuta lile nalo liandikwe: ni ushahidi kwamba mwenyeji anaijua hatari na amelipia kujikinga.

Hatua ya 5: Hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 6 kwa 8 likipata milimita 50 linamwaga lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Zidisheni kwa mabati yote mnayoyaona kutoka juu, ongezeni miamba isiyonywa maji, ndipo mtaelewa kwa nini Mirongo hujaa haraka.

Hatua ya 6: Mawe. Mawe ya itale ya Mwanza hayakuviringika kutoka kwingine. Mwamba ulipasuka ukiwa ardhini, nyufa zikaoza zikawa udongo, kisha mvua za miaka na miaka zikauzoa udongo na kuacha mawe yamebebana. Kwa hiyo kagueni chini ya jiwe zaidi ya ukubwa wake: udongo umechimbwa kupata kiwanja? Mfereji wa mvua unapita pale? Kuna wanaopasua kokoto kitakoni mwake? Chora, piga picha, usipande wala kusukuma.

Mwisho wekeni vituo vyote kwenye ramani moja.

Maswali ya wasomaji

*Mwanafunzi, Nansio:* Shikamoo mwalimu. Kwetu hakuna mto wa namna hiyo. Tufanye nini?

Marahaba. Mna Ziwa Victoria. Lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likapita kilele cha 1964 mnamo Mei 2020, likapanda tena zaidi Mei 2024. Nendeni mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wavuvi wawaonyeshe maji yalifika wapi 2020 na 2024, mpime umbali hadi ukingo wa leo. Msipande mtumbwi.

*Mwalimu, Sengerema:* Nina darasa la watoto 60.

Vikundi vya watano: mmoja anauliza, mmoja anaandika, wawili wanapima, mmoja anachora. Vikundi sita wiki hii, sita wiki ijayo. Wote siku moja mtaa utachoka nao.

*Mwanafunzi, Bukoba:* Tetemeko linaweza kupimwa hivi?

Lile la Kagera la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, vipimo vyake viko kwa wataalamu. Ninyi pimeni kuta: tofali gani, zege la lenta (mkanda wa juu ya milango na madirisha) lipo, ufa umeanzia pembe ipi ya dirisha.

*Mwanafunzi, Igoma:* Tulihoji mama mmoja, akatuuliza tutamjengea lini mfereji. Tulinyamaza.

Msinyamaze. Mwambieni ninyi ni wanafunzi, hamna fungu, lakini mtarudi na ramani. Kisha rudini kweli. Chapeni nakala mbili, moja ya mwenyekiti wa mtaa na moja ya mama huyo, na mwonyesheni kwa kidole nyumba yake iko wapi.